Siku moja ya mnasihi, miaka kadhaa baada ya korona

Saa 1:30 asubuhi

Nafika kabla ya wateja, nafungua madirisha, napitia mafaili ya leo. Mimi ni mnasihi katika kliniki ya afya ya akili. (Habari za wateja ninaowasimulia hapa nimezibadilisha na kuzichanganya, asije mtu akatambulika.) Sababu za kuja zimeandikwa kwa maneno mawili matatu: usingizi hauji. Hasira za ghafla. Kijana hataki kutoka chumbani. Hakuna faili hata moja lenye neno korona, na sishangai. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya kimataifa imekwisha, na watu wengi walikuwa wameshazivua barakoa kitambo. Lakini nikimuuliza mtu shida yake ilianza lini, jibu huangukia 2020 au 2021 mara nyingi mno. Ndiyo maana tumeongeza swali kwenye fomu ya kumpokea mteja: kipindi cha korona ulikipitiaje?

Saa 2:30

Wa kwanza ni muuguzi. Mawimbi makubwa yalimkuta chumba cha wagonjwa mahututi. Siku hizi yuko kitengo cha chanjo, hakuna mashine za kupumulia, hakuna mitungi ya oksijeni. Hata hivyo, chombo chochote kikilia kwa mlio wa namna ile, hata mashine ya kufulia inapomaliza kazi, mwili wake unaruka kabla hajajua amesikia nini. Viganja vinaloa jasho, kifua kinabana, macho yanatafuta skrini ambayo haipo.

Hicho ni kiwewe. Kwa miezi mingi ubongo wake ulifundishwa kwamba mlio ule maana yake kuna mtu anakata roho, na somo la aina hiyo halifutiki kwa sababu wimbi limepita. Tulishaonyeshwa hili mapema: baada ya mlipuko wa 2003 wa SARS, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kirusi cha jamii ya korona, watafiti wa Hong Kong waliwafuatilia watu waliougua wakapona, na miezi 30 baadaye takriban robo yao bado walikuwa na kiwewe.

Leo anausikiliza mlio uliorekodiwa, sauti ikiwa chini, nyayo zimekanyaga sakafu, huku akitaja tarehe ya leo na vitu anavyoviona chumbani. Mara ya kwanza anauzima katikati. Mara ya pili anauacha hadi mwisho.

Kinachomtesa zaidi, lakini, ni usiku ambao wagonjwa walizidi vitanda na wakubwa wake wakaamua nani aingizwe ndani. "Mimi ndiye niliyemwambia mke wake asubiri nje," anasema, akiitazama mikono yake. Hapo sina zoezi la pumzi la kumpa. Kidonda cha dhamiri hakiponi kwa kuambiwa "hukuwa na kosa", kwani hilo ameshaambiwa na kila mtu. Ninachoweza ni kumsaidia atenganishe alichoamua yeye na kilichoamuliwa na uhaba. Muda unaisha tukiwa tumetenganisha kidogo tu.

Saa 4:00

Dada huyu alifiwa na baba. Wageni walizuiwa hospitalini, kama ilivyokuwa sehemu nyingi za dunia wakati ule, wakaagana kwa simu ya video iliyoshikwa na mhudumu, picha ikikatikakatika. Siku ya maziko yeye alikuwa karantini.

"Najua amekufa," ananiambia. "Ila nikisikia geti linafunguliwa, nanyanyuka."

Mtu akifiwa, kuna mambo yanayouambia moyo kilichotokea: kumuuguza mgonjwa, kuuona mwili, kwenda kuzika, nyumba kujaa watu. Yeye hakupata hata moja. Tangu Januari 2022, mwongozo wa kimataifa wa magonjwa, ICD-11, unaitambua huzuni ya msiba iliyorefuka kuwa tatizo linalojitegemea: uchungu mkali usiopungua baada ya miezi 6 au zaidi, kupita kiasi ambacho jamii ya mtu inakitarajia, hadi maisha yanasimama. Nilifurahi ilipotambuliwa. Si kila mfiwa anahitaji tiba, na wengi hawaihitaji, lakini huyu alizungushwa mwaka mzima kwa dawa za usingizi bila kuulizwa aliyekufa ni nani na alikufaje.

Ana ujumbe wa sauti wa baba yake ambao hajawahi kuufungua. Leo amekuja amejiandaa. Anaiweka simu mezani, anabonyeza. Mzee anahema, anasema, "Mwanangu, usihangaike, leo napumua vizuri," kisha anauliza kama ada ya mdogo wake imelipwa. Basi. Dada analia kwa sauti, na katikati ya kilio anacheka, kwa sababu baba yake alikuwa hivyohivyo, mtu wa kuulizia ada. Wiki ijayo ataandika barua ya kumuaga. Amesema ataanza na habari ya ada.

Saa 6:00

Kijana, pamoja na mama yake. Aprili 2020 wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa nje ya shule duniani, naye alikuwa mmoja wao, katika umri ule ambao mtoto hujifunza kuishi na wenzake. Darasani amerudi. Kwenye kundi la watu hajarudi. Tunapanga hatua moja: mazoezi ya mpira, nusu saa, kisha ruhusa ya kuondoka. Mama anataka hatua kumi kwa mpigo. Namwelewa, lakini namwomba moja.

Saa 7:00 mchana

Mapumziko. Mwenzangu ananiuliza kama hatukuzi mambo. Namjibu kwa takwimu ya Shirika la Afya Duniani: mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona (huzuni nzito ya muda mrefu inayomnyima mtu hamu ya maisha) viliongezeka kwa takriban asilimia 25 duniani. Wengi walitikisika wakasimama tena, na hilo lazima tuliseme, kwa sababu kumwambia kila mtu kwamba ameharibika ni kumdhuru. Wasiwasi wangu ni kwa waliobaki nyuma wakati wengine wote wamesonga mbele. Hao wanaona aibu kutaja korona leo, kana kwamba muda wao wa kulalamika umekwisha.

Saa 8:30

Mzee aliyekuwa mhasibu. Aliugua mwaka 2021, akapona homa, lakini ukungu wa akili ukabaki: anasahau katikati ya sentensi, hesabu za ukurasa mmoja zinamlaza kitandani siku mbili. "Mwanangu, niliambiwa ni mawazo tu," ananisimulia kuhusu mahali alikotibiwa mwanzo.

Neno hilo linanikera sana. Tangu Oktoba 2021 kuna maelezo rasmi ya hali inayobaki baada ya UVIKO-19, na uchovu mkali na kushindwa kufikiri vizuri vimo. Ana sonona pia, ndiyo, lakini nani asingekuwa nayo akiporwa kazi na akili yake kisha asisadikiwe? Nampa rufaa kwa daktari, nayaandika maelezo marefu ili asianze upya kujieleza. Pamoja tunagawa siku yake vipandevipande, kupumzika kukitangulia kuchoka.

Saa 10:00 jioni

Nasahihisha madodoso ya sonona yenye maswali 9. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kutaka kufa au kujidhuru. Karatasi moja ina jibu la "siku kadhaa". Sisubiri kesho. Nampigia, namuuliza waziwazi, anajibu waziwazi. Dada yake yuko naye, dawa zimefungiwa, atakuja asubuhi wa kwanza.

Saa 11:00

Kikao cha wanasihi. Hapa tunabebana wenyewe kwa wenyewe. Mwenzetu mmoja aliyemzika mama yake mwaka 2021 anasema kesi za misiba zimeanza kumfuata hadi usingizini. Hakuna anayemshauri ajikaze. Tunafungua ratiba, tunabadilishana: misiba yake nachukua mimi, vijana wangu wawili anachukua yeye, akiwemo yule wa mpira. Namweleza mpango wa nusu saa, naye anauandika kwenye daftari lake.