Fila za Usoni na Dalili Ambazo Rangi ya Ngozi Huzificha

Maelezo mengi kuhusu madhara ya fila, yaani vijazo vinavyodungwa chini ya ngozi ili kujaza mikunjo au kunenepesha midomo, huitaja rangi kuwa ishara ya kwanza ya hatari: ngozi hupauka, kisha hujitokeza michirizi ya zambarau iliyosukana kama wavu, na hapo hujulikana kwamba mshipa wa damu umeziba. Linanisumbua sana jambo hili, kwa kuwa ishara hizo zimeelezwa kama zinavyoonekana kwenye ngozi nyeupe, na mwenye ngozi nyeusi anayezisubiri anaweza kupoteza saa ambazo zingemwokoa.

Mshipa huziba pale kijazo kinapoingia ndani ya ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, au kinapoibana kwa nje, na ngozi iliyokosa damu huanza kufa. Hatari ni kubwa zaidi katikati ya nyusi na puani, kwa sababu ateri za huko zimeungana na zile za jicho, hivyo kijazo kikisukumwa kurudi nyuma kinaweza kuleta upofu. Katika ngozi yenye melanini nyingi, yaani kemikali inayoipa ngozi weusi wake, kupauka huko hufichika, na badala yake huenda pakaonekana rangi ya kijivu au weusi uliozidi kidogo tu. Ni heri kutumia kidole: bonyeza, achia, ulinganishe na upande wa pili wa uso jinsi damu inavyorudi, na uangalie pia upande wa ndani wa mdomo. Maumivu makali yasiyolingana na sindano yenyewe ni onyo kubwa, ingawa kutokuwepo kwake hakutoshi kumtuliza mtu, kwani fila nyingi huchanganywa na lidokeini, dawa ya ganzi.

Fila za asidi ya hialuroniki zinaweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho hialuronidesi, lakini kimeng'enya hicho hakiyeyushi zile za kalsiamu haidroksilapatiti. Kwa maoni yangu, tofauti hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu aulize anadungwa nini, na kama hialuronidesi ipo hapo hapo chumbani.

Ngozi nyeupe na nyembamba nayo ina tatizo lake: kijazo kilichowekwa juu juu chini ya macho huonyesha kivuli cha bluu. Kwa ngozi nyeusi, kila tundu la sindano ni jeraha dogo linaloweza kuacha doa jeusi kwa miezi, ndiyo maana matundu machache na udungaji wa polepole hupendekezwa. Mwenye historia ya keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, amweleze daktari mapema.

Uoni ukibadilika wakati wa kudungwa au baadaye, hata kwa jicho moja, sindano isimamishwe na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri ngozi ibadilike rangi.