Fundi ni yule mwenye ndevu

Mwalimu wa chekechea aliwapa karatasi ya kupaka rangi: daktari, dereva, mpishi, fundi. Binti yangu, miaka mitano na ushee, akalala kifudifudi sebuleni na penseli zake. Alipomfikia fundi akamwongezea ndevu ambazo kwenye karatasi hazikuwepo. Ndevu nyingi, za kahawia.

"Mbona umemwekea ndevu?"

"Si ni fundi."

"Na mimi je?"

Akaniangalia kama vile mtoto ni mimi. "Wewe ni mama."

Mimi ni fundi umeme. Mwaka wa 11 huu nafanya wayaringi hapa Moshi, na mkoba wangu wa kazi unakaa nyuma ya mlango wa sebule hiyo hiyo. Testa yangu ndiyo anayotobolea maboksi ya juisi nikigeuka. Kwa hiyo tusiambiane kwamba mtoto hajawahi kuona.

Na lugha nayo siwezi kuisingizia. "Fundi anapanda ngazi": hiyo "a" haisemi kama ni mwanaume au mwanamke. Ndevu kazitoa wapi?

Usiku nikaperuzi simu. Kumbe kuna mtafiti, David Chambers, ambaye mwaka 1983 alichapisha matokeo ya kuwachoresha watoto 4,807 picha ya mwanasayansi. Waliochora mwanamke walikuwa 28, na wote wasichana. Yaani ukiwapanga watoto 1,000, hawafiki sita. Baadaye, mwaka 2018, watafiti wengine walijumlisha michoro ya watoto wa Marekani ya kuanzia miaka ya themanini, wakakuta wanasayansi wanawake wamefika asilimia 28. Afadhali. Lakini hao watoto labda hawakuwa na mwanasayansi anayewaogesha jioni. Wangu anaye fundi, na bado.

Jibu nililipata Jumamosi, bila kulitafuta. Dada wa kazi alikuwa kwao Marangu, nikambeba mtoto hadi saiti, Rau. Nikamkalisha juu ya ndoo ya rangi na andazi lake. Nilikuwa na kijana wa fildi, miaka 19, mtiifu, ila swichi ya njia mbili bado inamtoa jasho. Mwenye nyumba, mzee wa heshima zake, akaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Hamjambo? Eti fundi," akamgeukia kijana, "hii soketi ya jikoni si mngeisogeza juu kidogo?"

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikamjibu mzee: inawezekana, ila plasta itachimbwa upya. Mzee akasikiliza vizuri kabisa, akashukuru. "Sawa mama. Haya fundi, fanyeni hivyo."

Hakunidharau. Hela ya kazi alinipa mimi mkononi, na chai akaniletea mimi kwanza. Ni kwamba kwake "mama" ndiyo heshima kubwa aliyonayo ya kumpa mwanamke mwenye umri wangu, na mimi miaka yote nimeipokea kwa mikono miwili. Ila siku hiyo nilimwangalia yule mtoto juu ya ndoo, andazi mdomoni, macho yakienda kwa kijana kila neno "fundi" likitajwa. Nikahesabu. Mpaka saa saba mchana kijana wangu ameitwa fundi mara tisa, na mzee, na muuza maji, na bodaboda aliyeleta waya. Mimi hata mara moja.

Tangu hapo nalisikia kila mahali. Kaka yangu ni mpishi wa mlimani. Anapandisha wageni Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku sita au saba, supu na chapati juu ya jiko la gesi ndani ya hema. Akishuka nyumbani hagusi sufuria. Nilimuuliza binti yangu, nyumbani kwa anjomba mpishi ni nani?

"Anjomba."

"Na anti?"

"Anti siyo mpishi. Anti anapikaga tu."

Huyo anti ana kibanda cha chakula, anauza sahani hamsini kwa siku, wali, maharage, ndizi nyama. Jina lake la kazi? Mama lishe. Umama umetangulia hata kwenye cheo.

Rais pekee ndiye kamshinda mwanangu. Hana kumbukumbu ya rais mwingine, kwa hiyo rais kwake ni mwanamke, na mtoto wa kiume wa jirani ameshauliza kama na yeye akikua wataruhusu. Lakini hata huyo, kwetu sisi ni Mama Samia.

Nimeanza kumsahihisha. Mama nyumbani, fundi kazini, namwambia, na kijana wa fildi nimemkataza kuniita mama mbele ya wateja. Anasahau.

Juzi usiku simu ikaita nikiwa na mwiko. Binti akapokea, akaweka spika. Yule mzee wa Rau.

"Shikamoo," akasema mtoto. "Fundi anasonga ugali."

Kimya. Halafu mzee akacheka sana. "Fundi gani tena huyo anasonga ugali? Haya mjukuu wangu, mpe mama simu."

"Si ndiyo huyo huyo," mtoto akasema, akanisogezea simu sikioni maana mikono yangu ilikuwa na unga.