Zamu yangu ya jumuiya

Mwaka niliachana na baba watoto, jumuiya yetu ya kanisa huku Umoja, Nairobi, iliendelea tu kama kawaida. Tunakutananga Jumamosi jioni, nyumba hadi nyumba, na zamu yangu ilikuwa inafika kama ya kila mtu. Baada ya kuachana ikaanza kurukwa. Hakuna mtu alinifukuza wala kunitusi, waliniruka tu, nami nikaacha kwenda, na hapo ndio yale mawazo yakaanza, ati hata nisipoamka kesho hakuna kitu itapungua hapa ploti.

Watu husema ndoa na dini humzuia mtu asijitoe uhai. Kuna ukweli hapo. Émile Durkheim, Mfaransa, aliandika hivyo 1897 baada ya kupitia hesabu za vifo vya Ulaya: waliooa walikuwa na nafuu kuliko wasiooa, Wakatoliki kuliko Waprotestanti. Kitu ilinigusa ni sababu yenye alitoa. Madhehebu yote mawili yalikataza kujiua, kwa hivyo si katazo lililokinga watu, ni vile walikuwa wameshikana. Na ndoa yenyewe aliona inamkinga mwanaume kuliko mwanamke. Hapo nilisoma mara mbili jameni.

Ndio maana inaniuma mtu akifungua roho anaambiwa "omba zaidi" ama "si uko na bwana, unakosa nini?" Mwenye ndoa anaogopa kuonekana hana shukrani, aliyeachika anaogopa kuonekana ana laana, wote wananyamaza, na sheria nayo ilikuwa inatisha juu ukijaribu ukapona unapelekwa kortini, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliposema kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, chenye kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka katiba.

Mimi nilifikiwa na mama mmoja wa hiyo hiyo jumuiya. Aligonga mlango Jumatano na nusu kilo ya sukari, akaniuliza bila kuzunguka, "Mama Brayo, unafikiria kufa?" Nikalia nikasema ndio. Hakukimbilia maombi, alikaa na mimi mpaka saa nne usiku na kesho yake akanisindikiza kwa mshauri. Kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo kichwani, kwangu ilikuwa kama kutuliwa mzigo. Kanisani bado naenda na bado naomba sana.

Kama uko hapo saa hii, na uko Kenya, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Ama mwambie mtu mmoja tu, hata jirani.

Jumamosi hii jumuiya inakuja kwangu. Nimeshanunua majani.