Nilivyompa binti yangu dawa ya virusi vya mafua bila kubahatisha kipimo

Bado kuna watu hapa Kirumba, Mwanza, wanaosema nilimtesa mtoto kwa dawa kali. Ni walewale waliokuwa wakinishauri nimpe antibayotiki ya amoksilini, wengine mseto wa malaria, na mzee mmoja wa mwaloni akasema aspirini ndiyo inashusha homa upesi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mtoto ana kilo ngapi. Naandika haya kwa sababu najua kuna mzazi mwingine huku Kanda ya Ziwa atarudi nyumbani na pakiti ileile ya dawa, halafu akutane na ushauri uleule mlangoni.

Binti yangu ana miaka sita, na ana pumu. Mafua yalizunguka darasani kwao mpaka yakamfikia: homa ya ghafla, mwili kuuma, kikohozi kikavu, chakula hataki. Mama yake alikuwa msibani Ukerewe, nyumbani tukabaki mimi na dada yangu. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Daktari akampitisha kijiti puani, akasema ni influenza, virusi, na antibayotiki haiui virusi. Mtoto mwenye afya njema angemwambia apumzike, anywe sana maji na apewe parasetamoli basi. Huyu, kwa ajili ya pumu, akamwandikia oseltamiviri, ile inayojulikana kwa jina la Tamiflu. Kuhusu aspirini alikuwa mkali kweli: mtoto mwenye influenza hapewi, inaweza kumletea ugonjwa wa hatari wa ini na ubongo.

Dawa inatakiwa ianze ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Inavizuia virusi visichomoke kwenye seli moja kwenda kuvamia nyingine, kwa hiyo ukichelewa vinakuwa vimeshaenea. Mteja wangu mmoja alikuwa ameniambia ipo ya kuvuta kwa mdomo, eti ndiyo bora. Nikauliza. Daktari akasema hiyo ni zanamiviri, ni unga, na mwenye pumu unaweza kumbana kifua. Pampu yake ya kila siku tuendelee nayo.

Maduka ya dawa ya mtaani kwetu hawana kabisa. Niliipata mjini, famasia moja upande wa Barabara ya Kenyatta, baada ya kuzunguka sana, na hela niliyotenga kwa ajili ya plagi za injini wiki hiyo ikaishia hapo. Ya maji haikuwepo. Zilikuwepo kapsuli za miligramu 75, pakiti ya 10. Cheti kinasema miligramu 45 asubuhi na jioni, siku 5. Mtoto alikuwa na kilo 19, na dozi ya watoto wa umri wake inafuata uzito: hadi kilo 15 ni miligramu 30, zaidi ya 15 hadi 23 ni 45, zaidi ya 23 hadi 40 ni 60, akizidi hapo anapewa 75 kama mtu mzima. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa, kwa hiyo mwambie daktari mapema.

Sasa 45 unaitoaje kwenye 75? Dada akasema, "Mdogo wangu, gawa nusu tu, mtoto ni mtoto." Nusu ni 37 na kitu, na unga ule haugawanyiki kwa macho. Mimi ni fundi wa injini za boti. Mvuvi akikosea kipimo cha oili kwenye petroli, pistoni inanata katikati ya ziwa, na hakuna wa kumlaumu. Nikarudi kwa mfamasia, naye akanionyesha kazi nzuri sana. Unafungua kapsuli, unagongagonga hadi unga wote umwagike kwenye kikombe kidogo, unaongeza mililita 5 za maji kwa bomba lisilo na sindano, unakoroga. Hapo kila mililita moja ina miligramu 15. Unavuta 3, umepata 45. Yanayobaki unamwaga, hayangoji jioni. Kila dozi inafunguliwa kapsuli mpya. Nilifurahi kuliko siku niliyofufua injini iliyozama.

Kumnywesha ndiyo ilikuwa vita, maana dawa ile ni chungu. Dada, kwa huruma zake, aliichukua dozi niliyoipima akaikoroga kwenye kikombe kizima cha uji wa ulezi. Mtoto akanywa kama nusu, akakunja uso, akafumba mdomo, na shangazi yake akabaki ameshika kikombe akimbembeleza kwa nyimbo zote anazozijua. Sasa amekunywa miligramu ngapi? Hakuna awezaye kujua. Nikampigia mfamasia, akasema nisiongeze kwa kubahatisha, nisubiri dozi inayofuata.

Jioni tukajaribu juisi ya embe: akaitema kwenye shuka. Asubuhi soda: mapovu yakapanda hadi puani, akalia. Asali ndiyo iliyomaliza ubishi. Kijiko kimoja tu cha asali ya Tabora, zile mililita 3 ndani yake, koroga, meza mara moja, kijiko kirambwe kikauke. Kidogo kinachoisha chote kinashinda kingi kinachobaki. (Mtoto mchanga usimpe asali.) Uji tukauhamishia mwanzo: anakunywa kwanza, tumbo linapata kitu, ndipo dawa. Baada ya hapo anakaa wima, hapana kulala chali.

Hata hivyo mwanzoni alitapika. Jirani akapiga kelele kwamba dawa inamuua, niache. Nilikuwa nimeshaambiwa kwamba kichefuchefu na kutapika ndiyo madhara yanayoonekana zaidi, hasa dozi za kwanza, na chakula hupunguza. Tulivyoanza na uji kukatulia. Vya kuacha dawa na kukimbilia hospitali navyo niliviandika ukutani: vipele vinavyosambaa au ngozi kubabuka, kuvimba midomo au uso, kushindwa kupumua.

Usiku mmoja aliinuka akaanza kuongea na mama yake kana kwamba yuko chumbani. Daktari alikuwa ametuonya kuhusu kuweweseka. Japani mwaka 2007 walizuia dawa hii kwa wenye umri wa miaka 10 hadi 19 baada ya taarifa za vijana waliofanya mambo ya ajabu wakiwa wanaitumia, na zuio likaondolewa 2018, kwa kuwa influenza yenyewe nayo huleta hali hiyo. Sikubishana na sababu. Nilifunga mlango wa nje kwa komeo, nikatandika mkeka kando ya kitanda chake, na asubuhi nikampigia daktari. Homa ilipokatika, kuweweseka kukaisha.

Homa iliisha kabla dawa haijaisha. Dada akataka zilizobaki tuzitunze kwa ajili ya mwanawe. Nikakataa, siku 5 ni siku 5, na kapsuli zote zikafunguliwa. Ndiyo maana yule mzee wa aspirini alipokuja kuomba moja, mafua yake yakiwa yameshatimiza wiki, nilimwonyesha pakiti tupu, nikampakia kwenye pikipiki yangu hadi zahanati akapimwe malaria na kifua.