Pipa langu lilivyosema "ndaga fijo" usiku kucha, na lile lililokuja kufanya kazi kweli

Nianze na linaloniuma mpaka leo. Nilipopeleka wazo la projekti yangu ya mwaka wa mwisho, kwamba nataka kutengeneza mapipa ya taka ambayo mtu akiyaona mwenyewe anatamani kutupia humo, karibu kila niliyemuuliza alinijibu kitu kimoja: weka sensa, kile kifaa kinachohisi mtu akisogea, bila sensa hiyo siyo projekti. Nikaweka sensa. Mhula mzima ukaenda, na hela ya bumu, yaani mkopo wa chuo, ikaenda nayo.

Chuo chetu kipo hapa Mbeya, na mapipa tulikuwa nayo, tena siyo machache. Shida yamepangwa kwenye kuta za majengo, wakati mtu anamaliza maji yake akiwa katikati ya njia kati ya kwa mama wa chipsi na vimbweta (zile meza za nje za kusomea), na pale hakuna kitu. Nilizunguka wiki nzima na daftari nikichora kila nilipokuta taka, na ukiangalia mchoro ule unaona kabisa zimejazana sehemu tatu tu. Chupa za maji, vifungashio vya biskuti, maganda ya miwa, kokwa za parachichi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na kweli imepungua, ila chupa bado zipo na watu. Kwa hiyo mtu akikwambia wanafunzi wa siku hizi hawana ustaarabu, muulize kwanza pipa liko hatua ngapi kutoka pale aliposimama.

Haya, pipa la kwanza. Nilisoma kwamba Sweden mwaka 2009 waliweka pipa kwenye bustani, ukitupa kitu unasikia sauti kama kinaporomoka shimoni bila mwisho mpaka kinatua puu, watu wakawa wanaokota taka zisizo zao ili tu wasikie. Nikasema langu litashukuru, na litashukuru kwa Kinyakyusa. Rafiki yangu wa Tukuyu akarekodi "ndaga fijo!" kwa sauti nzito ya kizee, nikafunga Arduino (kibao kidogo cha kompyuta cha kuendesha vifaa), spika ndogo, mota ya kufungua mfuniko na ile sensa ya macho mawili inayotuma sauti usiyoisikia halafu inapima mwangwi unaorudi. Ukisogeza mkono, mfuniko unafunguka na pipa linakushukuru.

Siku ya kwanza palikuwa kama mnadani. Watu wamelizunguka wanacheka, wanarekodi na simu, mimi nimesimama pembeni moyo unadunda kwa furaha. Halafu nikaanza kuona kinachoendelea: wanapunga mkono tu, hawana taka! Wanataka kushukuriwa bure. Jioni mfuniko umekwama nusu na sauti inavuta kama mtu anasinzia, maana nilitumia kale kabetri ka volti 9 na mota inakanyonya haraka sana (hili nalo kuna fundi aliniambia katatosha, wewe usimwamini atakayekwambia hivyo). Nikaenda Mwanjelwa nikachukua betri ya pikipiki iliyotumika, nikashusha volti vizuri, nikajua sasa nimemaliza.

Usiku huo ikanyesha. Mvua ya Mbeya ya Desemba mnaijua, na ikikata unakuja ukungu. Maji yakaingia kwenye macho ya sensa, ikawa inaona mkono kila baada ya sekunde chache, na betri ndiyo kwanza mpya. Pipa likakesha linashukuru. Gizani, nyuma ya hosteli, sauti ya mzee, "ndaga fijo… ndaga fijo…", mfuniko unafunguka na kujifunga wenyewe. Mlinzi alisogea mpaka nusu ya njia na tochi yake akarudi kuita wenzake. Saa kumi alfajiri nikagongewa mlango, nikaenda na kandambili kwenye matope kuchomoa waya, na mlinzi amesimama mbali kabisa ananiambia "dogo, hiyo sauti ni ya nani? Niambie kwanza ni ya nani."

Ndani ya pipa, baada ya siku mbili za kelele zote zile, kulikuwa na chupa tano na karatasi ya chipsi.

Aliyenitoa hapo ni mama anayefanya usafi upande wetu. Nilimsalimia asubuhi ile, shikamoo mama, akaitikia, akashika pipa langu akajaribu kuliinamisha amwage, lile pipa zito la chuma, mkono mmoja kiunoni. Akaliacha. "Mwanangu, hili nalimwagaje?" Nilikosa jibu. Nilikuwa nimemfikiria anayetupa tu, anayemwaga sikumfikiria hata dakika moja.

La pili nikalichora nikiwa nimekaa naye. Halina umeme hata kidogo. Fremu ya chuma, pembeni wavu wa kuku, katikati limegawanywa mara mbili, juu matundu mawili ya kupitisha chupa tu ili mtu asitumbukize ganda la ndizi. Limenyanyuliwa miguu, na chini kuna vilango viwili vya komeo: mama anaweka kiroba, anavuta komeo, chupa zinashuka zenyewe. Mvua inapita kwenye wavu inaenda zake. Fundi wa kuchomelea alinitajia laki mbili, tukavutana mpaka kama laki na ishirini, na rangi juu yangu.

Halafu juu yake swali. Wazo la swali siyo langu, London mwaka 2015 waliweka pipa la vichungi vya sigara likiuliza nani mkali, Ronaldo au Messi, unapiga kura kwa kichungi chako. Mimi nikaandika Simba au Yanga, kosa! Wiki ya dabi watu waliingiza viroba vya chupa kutoka mtaani, na usiku mmoja kuna mtu akafungua komeo akaumwaga upande wa wapinzani wote. Siku hizi komeo lina kufuli na ufunguo anao mama.

Lililokuja kuwasha moto ni hili: mchele wa Kyela au wa Mbarali? Jamani. Watu walisimama pale wanabishana harufu, wanabishana kuvimba, dada mmoja wa Kyela alikuwa anapita vyumbani hosteli anaomba chupa tupu. Na kwa sababu ni wavu unaona upande upi umepanda, kwa hiyo anayeshindwa hawezi kupita na chupa mkononi akaiacha chini, haiwezekani. Njia ya vimbweta ile niliyokuwa naijazia alama kwenye daftari, Ijumaa nilipita nikaokota vifungashio tu, chupa hakuna. Ila swali likikaa zaidi ya wiki linachuja, Jumatatu ya pili watu wanapita kama hawalioni, kwa hiyo natumia kibao na chaki nabadilisha. Na lisimamishe njiani kabisa, watu walikwepe, usikubali wakwambie lisogezwe ukutani.

Chupa tunauza kwa kilo kwa wanaokusanya, siyo hela ya kutisha, lakini glavu za mama zinatoka humo na mara moja moja soda.

Sasa kila Jumatatu ananiuliza swali la wiki, na wiki hii kalitoa yeye: ndizi za kupika au viazi. Yeye ni wa ndizi. Jana viazi vilikuwa vinaongoza, nikamkuta saa moja asubuhi anatumbukiza chupa zake mojamoja upande wa kushoto kabla watu hawajaja.