Mpwa wangu anamjua Kanumba kwa kifo tu, imeniuma

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja kushinda kwangu hapa Mwananyamala, ana miaka kumi na mbili, kashika simu yangu anaperuzi YouTube mara ikapita muvi ya zamani ya mwigizaji Kanumba nikamwambia hebu acha hapohapo tuangalie. Akasema "Anko, huyu si ndo yule aliyekufa?" Nikamuuliza unajua nini kingine kuhusu yeye, akafikiria kidogo akasema hajui, anajua alikufa tu halafu kukawa na kesi. Kwakweli sikumlaumu mana hata sisi watu wazima ikifika Aprili kila mwaka tunachopost ni kifo, kifo, kifo, kesi ilishaenda mahakamani ikaisha ila mitandaoni bado inasikilizwa mpaka leo. Mimi hiyo sitaigusa humu. Nataka niandike kazi zake, kwa sababu nlikuwepo nazikumbuka na nlizipenda sana.

Steven Charles Kanumba ni mtoto wa Shinyanga, kazaliwa tarehe 8 Januari 1984. Kasoma Bugoyi hukohuko Shinyanga, akaenda sekondari Mwadui, baadae ndo akaja Dar akasoma mpaka Jitegemee. Mwaka 2002 hivi akaingia kundi la maigizo la Kaole Sanaa Group, na sie wa uswahilini ndipo tulipomjulia hapo, kwenye michezo ya Kaole iliyokuwa inarushwa ITV.

Kama hujaishi nyumba ya kupanga miaka ile sijui nikueleweshe vipi. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba nane na TV moja, chogo, ya baba mmoja mpangaji wa chumba cha mbele, na ikifika mda wa Kaole yule mzee alikuwa anaigeuza TV iangalie mlangoni ili tuliojaa koridoni na sisi tuone, watoto mkekani mbele, kina mama nyuma na vigoda vyao, ndala zimerundikwa pale mlangoni mpaka kuondoka unagombania ya kwako. Akitokea Ray makelele, akitokea Johari makelele, Muhogo Mchungu ndo usiseme. Kanumba mwanzoni alikuwa kijana tu mwembamba mtanashati, ila mama yangu alimwona mapema sana. Alisema huyu kijana anamsikiliza mwenzie. Nilikuwa mdogo sikumwelewa, nimekuja kumwelewa ukubwani.

Iko hivi, maigizo mengi ya wakati ule hayakuwa na skripti iliyoandikwa neno kwa neno. Mnapewa stori, mnajua sini inaanzia wapi inaishia wapi, mnafanya mazoezi pamoja, lakini yale maneno ya katikati unayatoa mwenyewe kichwani kamera ikiwa inazunguka. Sasa mtu mwenye haraka utamjua tu, yeye anasubiri mwenzie amalize ili aseme lake, anaongea juu kwa juu. Kanumba alikuwa anaacha lile neno limfikie kwanza, unaliona linaingia usoni, macho yanabadilika, afu ndo anajibu. Na akilia analia, sio kuficha uso kwenye kiganja kama wengi walivyokuwa wanafanya. Mpaka leo kuna waigizaji wamesomea kabisa hiyo kitu hawana.

Toka Kaole wakahamia kwenye muvi za kuuza. Yeye na Ray na Johari wakaonekana kwenye ile muvi iliyoitwa Johari, na jina lile Blandina Chagula amebaki nalo mpaka leo, watu wengi hata hawajui jina lake la kweli. Hapo sasa ndo zikaja zile CD za Part 1 na Part 2, unakodi kwa siku, ukichelewesha unalipa mara mbili, na anayekodi ni mmoja ila wanaoangalia ni mtaa mzima, mwenye deki ndo mfalme.

Watu wanasahau hali ilikuwaje kabla. Library zote za kukodisha muvi mtaani zilikuwa zimejaa Wanigeria. Sisi tulikuwa tunawajua mastaa wa Lagos kuliko wa kwetu, dada yangu alikuwa anasuka mitindo ya kwenye muvi za Kinigeria. Halafu mwaka 2006 ikatoka Dar 2 Lagos, Kanumba yupo ndani na Mercy Johnson, mtu wetu wa Sinza anaigiza na watu tuliokuwa tunawaona kama wanaishi sayari nyingine! Sidhani kama ndio muvi yake bora, kwa maoni yangu sio, ila ilifungua kitu. Baadae 2011 akafanya Devil Kingdom na Ramsey Nouah wa Nigeria, na hapo alikuwa ameshajiita The Great, ana kampuni yake, anaandika, anaongoza, anatoa hela yake mfukoni, anaigiza humohumo. Yani fikiria mtu ana miaka ishirini na saba.

Afu watoto. Yule jamaa alikuwa na uwezo wa kuigiza na watoto ambao sijauona kwa mwingine hapa Bongo. Patrick na Jennifer, wale wadogo wa kwenye Uncle JJ na This Is It, alikuwa anawaachia sini, anakaa pembeni anawaacha wang'ae. Staa mwenye jina lake kubwa kwenye kava anakubali kumezwa na mtoto wa darasa la pili la tatu, hiyo inahitaji roho.

Kuna jambo moja nalijutia na naliandika hapa wazi. Mwaka 2009 alialikwa kama mgeni kwenye jumba la Big Brother Africa kule Afrika Kusini, akaongea kiingereza chake, na Dar nzima ikamcheka. Magazeti, vijiweni, saluni, kila mahali. Mimi pia nlikuwepo kinyozi pale kwa Kopa nlicheka na nliigiza namna alivyoongea. Mtu kasoma shule zetu hizihizi tulizosoma sisi, kaenda kusimama mbele ya bara zima na ametuwakilisha kwa kazi ya mikono yake, sisi tunahesabu makosa ya grama, na katika tuliokuwa tunacheka pale kwa kinyozi hakuna hata mmoja aliyekuwa anaongea vizuri kuliko yeye. Nimelifikiria hili mara nyingi sana. Na yeye wala hakurudi nyuma, miaka miwili mbele ndo hiyo muvi na Ramsey.

Sasa kwenye hela. Watu walidhani wale wanaogelea kwenye pesa kwa sababu ya magari na suti. Utaratibu ulivyokuwa, mtayarishaji anatengeneza muvi, anampelekea msambazaji Kariakoo, wanakubaliana bei, anauza mara moja, imeisha hiyo. Ikiuzwa kopi nyingi kiasi gani huko mbele hajui na hana pa kuhesabia, ikirushwa kwenye TV miaka kumi baadae hapati kitu kama mkataba ulishamaliza haki zote. Afu kabla hata muvi haijamaliza wiki sokoni tayari imeshachomwa kopi za wizi, CD moja ndani ina muvi kumi. Stika za TRA, zile za kuonyesha CD ya muvi au muziki ni halali, zilikuja 2013, yeye ameshaondoka. Kwa hiyo kumuona mtu anachukua kilichopatikana kwenye muvi moja anakitumbukiza kwenye nyingine ili iwe nzuri zaidi, wakati angeweza kulipua kwa siku nne akauza bei ileile, mimi namheshimu kwa hilo kuliko hata uigizaji wenyewe.

Kaka yangu alishawahi kufanya kazi lokesheni, sio kwa Kanumba, ni kampuni moja siitaji. Alibeba taa siku tisa na sini mbili akatokea kama mlinzi getini, aliahidiwa elfu hamsini, siku ya mwisho akapewa chipsi mayai na nauli ya kurudi nyumbani, nyingine akaambiwa muvi ikiuzwa. Muvi iliuzwa, sie wenyewe tuliikodi tukamuona getini pale tukapiga makelele, yeye alikuwa kimya tu. Toka hapo hakurudi tena, sa hivi ana bajaji. Ndo mana nasema tasnia hii kubaki ndani yake miaka kumi na kila mwaka ukapanda sio kitu kidogo.

Usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi, tarehe 7 Aprili 2012. Simu zilianza alfajiri, mimi niliamshwa na meseji nikajua ni uzushi. Miaka 28 tu. Mama alikaa na redio uani hakupika siku ile mpaka jioni. Jumanne yake, tarehe 10, nilitoka Mwananyamala kwa miguu mpaka viwanja vya Leaders alikoagwa, na sikufika hata karibu na jeneza, watu walikuwa wamepanda juu ya miti na kuta, wanaanguka, wanabebwa, wamama na kanga zao, madereva wa daladala, wanafunzi na yunifomu. Toka pale kwenda makaburi ya Kinondoni sio mbali lakini tulitembea kama vile hatufiki. Nilikuwa na yule mzee wa chogo, mpangaji mwenzetu wa zamani, tulikutana tu njiani. Hakusema kitu, alinishika mkono tu kama nilivyokuwa mdogo.

Wengi wanasema Bongo muvi ilikufa na Kanumba. Mimi nakubali nusu. CD zingekufa tu, simu zilikuwa zinakuja, flashi zinakuja, tamthilia za Kikorea ndo zilikuwa zimejaa kila kona. Leo kuna chaneli kama Sinema Zetu, kuna Maisha Magic Bongo, vijana wanatupia kazi zao YouTube na zingine nzuri sana tu. Ila wakati ule alikuwa akitoa muvi yeye wenzake wote wanarudi kutengeneza upya ya kwao, na huyo mtu wa kuwakosesha wenzie usingizi sijamuona tena.

Basi mimi na mpwa wangu tukaangalia. Dakika kumi za kwanza alikuwa anauliza uliza mbona picha haiko wazi, mbona simu zao zina vitufe, nikamwambia tulia. Ilipofika katikati akawa kimya, kajikunyata na mto, na kwenye ile sini ya kilio nikamuona anajifuta na shati ila nikajifanya sijaona. Ikakatika pale pabaya kama zilivyokuwa zinakatika zote.

"Anko, Part 2 iko wapi?"

Tumeitafuta mpaka saa nne usiku, bando likaisha, hatujaipata. Jumamosi hii anakuja tena na ameshaniuliza mara mbili kwa simu ya mama yake. Mwenye CD yake, hata iwe na mikwaruzo, aniandikie hapo chini nitaifuata popote, deki ya mama bado inasoma.