Nilivyoweza kuituliza R22 hewani

Leo mchana nimeituliza R22, helikopta ndogo ya viti viwili, ikaelea mahali pamoja futi tano juu ya nyasi, mwalimu kaweka mikono mapajani. Nilipotua tu nikampigia mama Tanga, na kule ilikuwa usiku wa manane.

Wiki tatu nzima nilikuwa nashindwa. Rubani mmoja wa ndege za kawaida aliniambia, "Shika usukani kwa nguvu, ikienda kushoto, irudishe kulia." Ushauri ule umenigharimu pesa nyingi, maana hapa California saa moja ya helikopta ni mamia ya dola. Ikienda kushoto, naivuta kulia. Kabla haijaitika nimeshaongeza. Ikiitika inanipita, natupa tena kushoto. Tukawa tunabembea uwanjani, nyasi zimelala kwa upepo, kiganja kimeloa, mpaka mwalimu aseme, "Nipe mimi." Kila siku hivyo.

Kilichonifungua macho ni historia ya mtu aliyeitengeneza. Frank Robinson alikuwa mhandisi aliyepita kampuni za ndege na helikopta za Cessna, Kaman, Bell na Hughes akitamani itengenezwe helikopta ndogo ya bei nafuu, wakubwa wasimwelewe. Mwaka 1973 akaacha kazi, akaanzisha kampuni nyumbani kwake na kuanza kuchora R22. Agosti 1975 akairusha mwenyewe kwa mara ya kwanza pale Torrance, nusu saa kwa gari kutoka ninapojifunzia. Kibali cha serikali kilitoka Machi 1979. Miaka yote hiyo alikuwa anapigania uzito na bei: injini ya pistoni ya kawaida, mapanga mawili tu yanayozunguka juu, na usukani mmoja unaochomoza katikati ya viti, wenye mkono wa kupinda huku na huku kama pembea ili wote wawili wautumie.

Nilipoelewa hivyo nikaona kosa langu. Chombo chepesi namna ile hakitaki nguvu. Nikaegemeza mkono wa kulia juu ya paja, usukani nikaushika kwa kidole gumba na vidole viwili tu, nikaacha kutazama ardhi karibu na miguu ya helikopta. Mwisho wa uwanja kuna mtende. Nikaukazia macho huo. Nikitaka kwenda mbele, sisukumi: nawaza tu kusukuma, na vidole vinakandamiza kidogo sana. Ikatulia! Mtende ukabaki palepale kwenye kioo, na mimi nikasahau kupumua.

Wepesi huo una upande wake wa hatari, na wanaoanza tafadhali msiuchukulie poa. Mapanga mepesi hayatunzi mzunguko. Injini ikizima, una kama sekunde moja tu ya kushusha wenzo wa mkono wa kushoto, ule unaobadili pembe ya mapanga, la sivyo mapanga yanapoteza kasi na huyapati tena. Baada ya ajali kadhaa, Marekani ilitoa kanuni maalumu mwaka 1995: hushiki usukani wa R22 wala wa R44, ile ya viti vinne, kabla hujafundishwa mambo haya. Mimi somo lile nililipitia harakaharaka nikidhani ni la kutimiza karatasi. Wiki hii nimelisoma upya, neno kwa neno.

Mama aliuliza kitu kimoja tu: "Umeshuka?" Nimeshuka, mama. Kesho tunaanza kutua injini ikiwa haisukumi mapanga.